Rais Aliyeingia Kwenye Kwaya ya Mama

Kwaya ya akina mama wa Nyakitonto ilinituma Kasulu kununua vitenge vya sare, na mimi, mpenda vya bei chee, nikarudi na jora la bluu lenye uso wa mzee mwenye miwani. Nilidhani ni askofu. Mwenye duka naye aliapa hamjui. Mzigo umetoka Dar, basi.

Sare zilikuwa zimeshashonwa mwalimu wetu alipomtafuta yule mzee kwenye simu, akapiga ukelele. Askofu wapi! Alikuwa rais wa nchi moja ya Afrika Magharibi, na vitenge vilikuwa vya kampeni. Kesho yake tulikuwa na tamasha Kabanga, na nguo za siasa zilikatazwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama yangu alikuwa amepewa kuanzisha wimbo peke yake, mara ya kwanza maishani.

"Tusomee habari zake," Mama akasema.

Mwalimu akasoma. Mtoto wa mkulima wa karanga, akawa mwalimu, akafungwa kwa maneno yake, akakimbilia nchi jirani, akarudi, akashinda uchaguzi. Aliposhindwa uliofuata, alimpigia mpinzani wake simu ya pongezi, akarudi shambani. Mama, aliyevushwa mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, alipiga makofi.

"Ego, ndiyo! Alikimbia, akarudi! Mwana wanje, mwanangu, huyu ni mtu wetu. Simvui mimi."

Wala hatukuwa na nguo nyingine. Asubuhi, padri msimamizi alitukagua mstari mzima, akatoa hukumu: tuzigeuze ndani nje au turudi nyumbani. Tukageuza chooni kwa zamu, tukicheka mpaka mbavu zikauma, tukapanda jukwaani nyuzi zikining'inia. Mama akaanzisha, na sisi tukaitikia kama wendawazimu. Sijawahi kufurahi vile. Tukawa wa tatu kati ya kwaya nne.

Nyumbani Mama akavua gauni, akaguta. Jasho la kutwa lilikuwa limeyeyusha rangi, ikamhamia. Miwani ilionekana kabisa kifuani pake, pamoja na nusu ya tabasamu. Nikakimbilia maji na sabuni, nikiomba radhi. Akanishika mkono, akicheka huku machozi yakimtoka, akajifunga khanga taratibu.

"Mwache kwanza," akasema. "Mtu aliyekimbia kwao haulizwi siku ya kwanza ataondoka lini."