Bembea ya Nyapara

Nyapara wa ghala la saruji aliwahi kumwaga sakafuni chai ya mkewe kwa sababu tu alimkuta akiinywa ameketi. Mke alipangusa, akarudi kwenye cherehani. Alikuwa mshona maturubai ya malori, viganja vimekomaa kama soli ya kiatu, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa hakuna aliyemsikia akipandisha sauti.

Kisha kiharusi kikampiga nyapara. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi. Ulimi, kwa bahati mbaya, ukapona.

"Nishonee bembea ya kulalia," aliamuru. "Bosi wangu alikuwa nayo sebuleni. Kitanda hiki kinanichubua mgongo."

Mke akachukua turubai laini lililobaki kazini, akakunja pindo mara tatu, akagongelea pete za chuma huku na huku. Alitoboa boriti mbili za dari, akakaza kulabu, akaitundika, kisha akapanda mwenyewe kuijaribu. Turubai likamkumbatia mabega. Akafumba macho.

"Shuka! Umejishonea wewe au mimi?"

Akashuka. Akamwingiza mumewe kwa kumshika kwapani. Nyapara alizama mle hadi magoti yakapita pua, na kwa siku sita alikula raha: anabembea, anasinzia, anatoa amri. Chai. Redio. Fungua dirisha. Mbona unajikokota?

Siku ya saba alibanwa na haja kabla ya saa yake ya kutolewa.

"Nitoe."

"Ngoja nimalize mshono."

Hakuzoea kungoja. Alishika pindo kwa mkono mmoja, akajivuta. Bembea ikainama, ikamrudisha chini kama gunia. Akajaribu tena. Mke aliacha kukanyaga cherehani, akatazama. Ndipo ilipomwingia akilini: huyu mwanaume hawezi kutoka humo.

Alimaliza mshono, akaanza mwingine. Nyapara akatukana, akatisha, hadi turubai likaanza kudondosha matone.

Tangu hapo mke alimwingiza humo kila asubuhi baada ya kumwogesha. Hakumpiga, wala hakumnyima chakula. Chai yake tu aliiweka mezani, hatua mbili kutoka mkono ulio hai, akaiacha ipoe. Nzi akimtua mumewe usoni, yeye aliendelea kushona.

Dada wa nyapara alipokuja kumjulia hali, mgonjwa alipiga kelele: "Dada, nitoe humu! Huyu ananitesa!"

Dada akamgeukia mke. "Pole, wifi. Nimekua naye huyu. Hata umlaze peponi atalalamika." Akaisukuma bembea kidogo kwa mapenzi, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, nyapara alilia, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Tafadhali, mke wangu."

Mke hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alisogeza kiti karibu.

"Sijasikia."

"Tafadhali."

"Tena."

Alimrudisha kwenye neno hilo hilo hadi sauti ikamkauka. Mwanamke alingoja huruma imjie, au hata aibu. Hakuna kilichokuja. Akaenda kuosha vyombo, akasugua jiko, akakunja nguo, ndipo akarudi kumtoa.

Nyapara alimwegemea begani. "Ahsante," alisema.

"Kesho nitakuingiza mapema zaidi."