Mteja wa Mwisho wa Feresita

Kwa miaka kumi na tisa Yeseri alitengeneza baiskeli karibu na daraja la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akipandisha sauti. Baiskeli zenyewe hazikuwa za kupanda. Zilikuwa za kubebea mizigo: zimeongezewa vyuma ubavuni, usukani umefungwa mti mrefu, na wanaume walizisukuma zikiwa na magunia ya maharage mpaka ng'ambo ya mto, Kongo, kisha wakarudi na mafuta ya mawese. Baiskeli ya namna hiyo haimalizi wiki bila kuvunjika mahali. Kazi ilikuwepo, na maneno hayakuhitajika. Mteja alionyesha palipovunjika, Yeseri akatikisa kichwa, basi.

Alizaliwa Munkunyu. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka ambao pamba ilizaa sana na nyumbani wakakosa mikono ya kuichuma. Mkewe alifariki mapema, na Yeseri hakuoa tena. Watu wa Bwera, mji wa hapo darajani, walidhani hataki. Alitaka, na alimjua anayemtaka, ila kila alipofungua mdomo mbele yake yalitoka maneno ya chakula.

"Leo iko nini?"

"Bundu na samaki."

"Leta."

Huyo ndiye Feresita, mjane wa kutoka Nyakiyumbu, aliyekuwa na hoteli ya mabati yenye mabenchi mawili nyuma ya soko. Bundu lake, ule ugali wa muhogo wa kwetu, lilikuwa laini bila chembe, na siku za soko aliongeza nyama. Yeseri alikula hapo kila mchana kwa miaka tisa. Siku moja tu, katika mwaka wa kwanza, alitamka kwamba anapenda kichwa cha samaki. Tangu siku hiyo kichwa kiliwekwa kando, kikafunikwa sahani, na mtu mwingine akikiomba aliambiwa kina mwenyewe. Yeseri naye alikaza miguu ya mabenchi, akachomelea mkono wa jiko, akarudishia bawaba ya mlango, na wala hakusema kwamba ni yeye aliyefanya. Feresita hakuuliza. Kati yao mambo yalikwenda hivyo, polepole, kama watu wenye muda mwingi mbele yao.

Soko zima lilimwita mama huyo Ithungu, kwa kuwa ndiye binti wa tatu kwao. Kwa Wakonzo, watu wa huku, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: binti wa tatu ni Ithungu, awe wa tajiri au wa maskini, na kila nyumba yenye mabinti watatu ina Ithungu wake. Jina la ubatizo huja baadaye, na wengi hawalitumii. Yeseri alilitumia. Tangu alipolisikia likiitwa kanisani, kwake mama huyo alikuwa Feresita tu. Hilo la Ithungu lilimtoka kabisa kichwani, kama mtu anavyosahau kwamba mama yake mzazi naye ana jina.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 Yeseri alinunua simu ya kugusa. Siraj, mwenyekiti wa wasukuma baiskeli, Mwislamu mmoja mcheshi, alimwingiza katika kundi lao la WhatsApp. Kwa miezi miwili Yeseri alisoma tu. Siraj alikuwa akimtania, akimwita mukulu, yaani mzee: "Mukulu, iko humu ao umekufa? Tuma hata alama ya kidole!"

Asubuhi moja, siku ya soko, shemeji yake wa Kasese alimtumia ujumbe wa sauti. Ulikuwa mrefu, na mwanamke ndani yake alikuwa analia. Alisema kuna mpishi anayeitwa Ithungu karibu na stendi ya Kasese, ameuzia watu nyama ya kibudu, ng'ombe aliyejifia mwenyewe bila kuchinjwa, na mtoto wake yeye anayesema sasa anatapika. Yeseri aliwafikiria wasukuma baiskeli. Wengine wao hupakia mizigo Kasese na kula huko huko stendi. Na wengine ni Waislamu, kibudu kwao ni haramu. Akaona ni lazima awaonye. Kuurusha ule ujumbe wa sauti hakujua, kwa hiyo aliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa kidole chenye grisi, kwa muda ambao angeziba pancha mbili:

"Ndugu zangu musikule kwa Ithungu. Anapika nyama ya kibudu."

Kasese hakuiandika. Kichwani mwake Kasese ilikuwamo tayari, na Ithungu mwingine hakumjua.

Simu ikaanza kulia. Vidole gumba kumi, ishirini. Siraj akaandika: "Asante mukulu. Leo umeongea." Yeseri akacheka peke yake. Alishinda asubuhi ile akipuliza wimbo mdomoni, mtu ambaye hajawahi kupuliza wimbo.

Mchana alikwenda kula. Mabenchi yote mawili yalikuwa matupu. Sufuria ya nyama ilikuwa imejaa mpaka juu na Feresita amesimama mlangoni akitazama njia.

"Watu wako wapi?" Yeseri aliuliza.

"Hata mimi sijui," Feresita alisema. "Wanapita wananitazama kama nimefiwa."

Hapo ndipo jina lilipomrudia Yeseri: Feresita naye ni Ithungu. Alikula kichwa cha samaki bila kukionja. Alirudi kwenye kibanda chake, akashika simu, akaandika "siyo huyu wa kwetu", akaifuta. Akaandika tena, akafuta. Nikisahihisha, soko zima litajua ni mimi, alijiambia. Na hao wengine walioupeleka ujumbe mbele, nitawafikia vipi? Kufikia jioni maneno yake yalikuwa yamezunguka makundi ya wauza nyanya, ya kwaya, ya waendesha bodaboda, na kila yalipopita yaliongezewa kitu. Sasa ilikuwa "Ithungu wa Bwera, nyuma ya soko". Kesho yake yalikuja na picha ya ng'ombe aliyevimba, ambayo hakuna aliyejua imepigwa wapi.

Siku ya tatu wanaume wawili walimwaga sufuria ya Feresita mtaroni. Siku ya nne bwana afya wa soko alikuja, akafunua kila kitu, akasema chakula ni kizuri. Lakini nani atarusha ujumbe kwamba chakula ni kizuri?

Yeseri aliendelea kwenda kila mchana. Alikuwa mteja peke yake. Watu wa soko, wasiojua ujumbe ulianzia kwake, wakaanza kumsifu: "Yule mutu hana woga. Huo ndio urafiki." Sifa hizo zilimchoma kuliko matusi. Feresita alimpa sahani, halafu alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akimtazama mpaka amalize. Zamani hakuwa akisimama. Yeseri aliinamisha kichwa, akamega bundu, akameza. Kila siku alijiambia atasema akimaliza kula, na kila siku alipomaliza alisema asante na kuondoka.

Siku ya tisa alikuta mlango umefungwa kwa waya. Feresita alikuwa amevuka daraja alfajiri na masufuria yake, amekwenda Butembo kwa watu wa mama yake.

Baada ya hapo Yeseri alijifunza njaa ya namna nyingine. Alijaribu hoteli nyingine akala, akashiba, lakini saa saba mchana miguu yake bado ilijipeleka nyuma ya soko. Wasukuma baiskeli waliotoka ng'ambo aliwauliza habari za barabara, za mvua, za bei ya mawese, akitumaini mmoja atataja mama fulani mpishi. Hakuna aliyetaja. Na yeye kuuliza wazi hakuweza.

Mwaka ukapita. Mwezi wa tano mwaka 2018 redio zote zilikuwa zinaongea jambo moja: Bunge linajadili kodi ya mitandao, shilingi mia mbili kwa siku kwa anayetumia WhatsApp na Facebook, ili umbeya upungue. Mbunge mmoja wa upande wetu aliita mkutano Kasese asikie wananchi kabla ya kurudi kwenye mjadala. Siraj aliwapakia wanachama wake ndani ya lori, na Yeseri akapanda nao, akakaa nyuma kabisa.

Ukumbi ulijaa. Mwandishi wa redio aliweka kinasa sauti chake mezani. Mama mmoja alisema kodi itamzuia kusalimia binti yake aliye Uarabuni. Mzee mmoja alisema simu zimeharibu vijana, zizimwe zote. Siraj alisimama na kusema, "Mheshimiwa, umbeya ulikuwepo kabla ya simu. Mke wangu hana simu, na habari zote anazo yeye." Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Kisha mwanamume mwenye tai akasema waongo wa mitandaoni ni watu wa nje, wenye nia mbaya, wasakwe wafungwe. Ukumbi ukampigia makofi. Siraj alipiga makofi. Wale waliouzungusha ujumbe wa Yeseri walipiga makofi.

Yeseri aliona mkono umeinuka, akatambua ni wake.

"Sema, mzee," mbunge alisema.

"Mimi ni fundi wa baiskeli, wa Bwera." Sauti ilikuwa ndogo. Mwandishi wa redio akaja na kinasa mpaka karibu na mdomo wake. "Mwaka jana niliandika ujumbe. Niliandika jina la mutu, sikuandika mahali. Mama mmoja alimwagiwa chakula chake mtaroni, akahama. Hakuwa na kosa. Niliyeandika ni mimi."

Siraj aligeuka, akamtazama, akatazama chini.

"Jina la huyo mama?" mbunge aliuliza, kalamu mkononi. "Tuliandike, asafishwe."

"Hapana, Mheshimiwa. Jina nililisema mara moja, likamfukuza. Sitalisema tena mbele ya redio. Kila mutu humu ana dada wa jina hilo."

"Sasa unataka sheria ikufanye nini, mzee? Ikufunge?"

Wachache walicheka. Yeseri alisubiri wanyamaze.

"Sijui. Huyu bwana anasema mushike watu wa nia mbaya. Mimi nilikuwa na nia nzuri. Nilitaka kuwaonya wenzangu. Na hiyo kodi, siku ile ningeilipa kwa furaha nikatuma vilevile. Kwa hiyo mimi sheria yenu inanishikia wapi? Lakini ubaya nilioufanya, nimeufanya. Halafu nikanyamaza, na huo ndio ubaya mkubwa zaidi. Nimemaliza."

Alikaa. Mbunge alishukuru, akamwita mwingine. Safarini kurudi hakuna aliyemsemesha, mpaka walipofika Bwera, Siraj akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niliituma kwenye makundi manne, mukulu. Nawe ulijua. Mbona hukunitaja?"

"Uliituma kwa sababu uliniamini," Yeseri alisema.

Jumamosi redio ilirusha mkutano. Jumatatu asubuhi Proscovia, dada mkubwa wa Feresita, alikuja kwenye kibanda. Hakukubali kiti.

"Nimekusikia redioni," alisema. "Uliongea kama mutu aliyeficha kuku ndani ya koti. Lakini uliongea."

Yeseri aliweka spana chini. "Mwambie, mama. Mwambie ni mimi. Nakuomba."

"Nimwambie nini? Anajua!"

"Anajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Mchana ulipoondoka, mukaka mmoja wa baiskeli alimwonyesha simu. Jina lako lilikuwa juu pale. Akasema, Yeseri hawezi kunifanyia hivi, amekosea, atakuja aniambie. Ukaja kesho yake. Ukala. Ukaja kesho yake tena, ukala. Siku saba, Yeseri! Unafikiri alihama kwa sababu ya sufuria? Sufuria angenunua nyingine."

Sasa Yeseri alielewa kwa nini Feresita alikuwa akisimama mbele yake, mikono kiunoni.

Proscovia alimwonea huruma kidogo, au alichoka kumtazama. Alitoa simu, akabonyeza, akamnyooshea. "Sema mwenyewe. Mbele ya mbunge uliweza."

"Feresita," Yeseri alisema ndani ya simu. Akafuta grisi ya mkono kwenye suruali. Simu ilikuwa inarekodi. "Ni mimi. Nilikosea, nikaogopa. Nisamehe. Mchana bado sijapata mahali pa kula." Akarudisha simu haraka, kama imemuunguza.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Proscovia alilileta, akalifungua katikati ya nyundo na minyororo. Kwanza zilisikika kelele: sahani zinagongana, mwiko unakwaruza sufuria, wanaume wanaagiza chakula kwa Kinande, lugha ya Butembo, mmoja anadai aongezewe. Halafu sauti yake, ile ile, isiyo na haraka.

"Yeseri. Nimesikia. Huku watu wanakula vizuri, wananijua kwa jina la Feresita. Siwezi kurudi Bwera, usiniambie nirudi. Nilikusamehe siku ya kwanza. Kazi ilikuwa hizo siku saba, na hizo bado niko nazo. Kama safari yako itapita Butembo, utakula. Utakaa kwenye benchi kama watu wengine." Hapo mtu aliita, akajibu "nakuja!", na ujumbe ukaisha.

"Rudisha," Yeseri alisema. Proscovia akaurudisha. "Tena." Akaurudisha tena. Mara ya nne Yeseri alifumba macho wakati wa zile sahani mwanzoni.

"Amesema niende?" aliuliza.

"Amesema ukipita."

"Fundi wa baiskeli anapita Butembo kwenda wapi?"

"Hilo sasa ni lako," Proscovia alisema, akaweka simu kifuani, akaenda zake.

Mchana ule msukuma baiskeli alileta gurudumu lililopinda. Yeseri alilishika, akalizungusha, akalitazama likiyumba. Kisha kwa mara ya kwanza, bila kuinama, aliuliza mpaka Butembo ni siku ngapi kwa mtu anayetembea.