Nondo wa Kijani wa Kongowe

Nilipoolewa Kongowe nikitokea Msimbu, miaka ile ya Mwingereza, nilimsimulia mama mkwe wangu habari za nondo wa kwetu: kijani kama jani changa la mgomba, mabawa mapana kuliko kiganja, na nyuma ana mikia miwili mirefu. Alikuwa anamenya mihogo. Akacheka.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa hapahapa. Mdudu wa namna hiyo huku hayupo."

Neno lile lilinikaa. Kutoka Msimbu hadi Kongowe ni mwendo wa kutwa kwa miguu. Mvua ileile, mikorosho ileile. Kwa nini nondo aishie kule?

Nilipokwenda kumjulia hali mama yangu, niliuzunguka mti wa mng'ongo ulio nyuma ya nyumba, maana ndipo tulipozoea kuona viwavi wa nondo yule utotoni. Nikapata kifukofuko kimoja, ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo, kikining'inia kwenye kijiti, cheupe kama fedha, kimejaa vitundu. Nilipokitikisa sikioni, kitu kikagonga ndani. Nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikarudi nacho.

Nilikitundika dirishani. Wiki zikapita, nikakata tamaa. Jioni moja mama mkwe ndiye aliyeniita.

"Njoo upesi! Mgeni wako anatoka!"

Tulisimama bega kwa bega tukimtazama, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa, yakinyooka taratibu. Alikuwa jike, tumbo nene. Hakuruka.

Alfajiri, nilipotoka kuchota maji ya udhu, nikakuta nondo wawili pale dirishani. Wa pili alikuwa dume mwembamba, mkia mmoja umekatika. Nikamwita mama mkwe.

"Huyu umemleta lini?"

"Mama, nilileta mmoja tu."

Akainama, akamtazama kwa muda mrefu. "Basi katoka wapi? Labda jike ana harufu yake, na upepo umeipeleka hadi dume aliko."

Baada ya uji tukatoka sote wawili, tukafuata upande upepo ulikokuwa ukielekea usiku ule. Tulivuka mashamba ya mihogo, tukaingia msituni wanakochoma mkaa. Jua lilikuwa limepanda tulipoukuta mng'ongo, na kwenye tawi la chini vifukofuko vitatu, viwili vitupu.

Mama mkwe aligusa kimoja kwa ncha ya kidole.

"Miaka yote hii naokota kuni hapa," akasema, "nikidhani ni matunda yaliyokauka."

Sikumcheka. Tuliviacha palepale, na njia nzima ya kurudi alikuwa akiniuliza viwavi wa nondo huyo wanafananaje, na wanakula nini wakikosa mng'ongo.