Maji ya Mkono wa Kushoto

Ukutani kwangu pana vyeti vinane. Saba nimevipata kwa jasho langu, na cha juu kabisa ni diploma ya usafirishaji na ghala niliyoisomea Nampula, tukilala watu sita chumba kimoja, mchana darasani, jioni nikibeba magunia sokoni. Sioni haya kulisema: katika watoto wa mtaa wetu wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, hakuna aliyefika nilipofika mimi. Leo Afungi, kwenye mradi wa gesi, nina meza yangu na kiyoyozi changu, na walinzi wa getini wananijua kwa sura. Lakini cheti cha nane, nilichopewa juzi, nimekigeuza uso ukutani. Anayefagia ofisi aliniuliza kama kimeharibika. Nikamwambia akiache hivyo hivyo. Wewe, rafiki yangu, nitakueleza, maana kuna mambo mtu humwambia yule tu aliyecheza naye mavumbini.

Unawakumbuka skauti wetu wa Jumamosi? Mwalimu ndiye aliyewaanzisha. Alikuwa mtu wa bara, kutoka juu kule uwanda wa Mueda, Mkristo, mrefu, ana soksi zilizovutwa mpaka magotini hata jua likiwa utosini. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Wenzake Jumamosi walikwenda mashambani, yeye alikuwa uwanjani nyuma ya shule akitufundisha kufunga mafundo, kusoma nyayo na kuwasha moto kwa kijiti kimoja cha kiberiti. "Skauti hula wa mwisho," alikuwa akisema, na kweli, yeye alikula wa mwisho kuliko sote, mara nyingi ukoko.

Siku ya kwanza alitufundisha salamu. Skauti wa dunia nzima, alisema, hupeana mkono wa kushoto, kwa sababu ndio ulio karibu na moyo. Tukafurahi kama tuliopewa siri. Tukatoka pale tukausambaza mkono wa kushoto mtaa mzima. Mmoja wetu akampa babu yake, akapigwa kofi la kusikika msikitini. Mwingine alimpa muuza vitumbua, akarudishwa bila kitumbua. Kufika Jumatatu karibu wazazi wote walikuwa wamekataza watoto, na uwanjani tulibaki wanne, watatu wao watoto wa bara.

Hapo ndipo bibi jirani alipoingia. Nyumba yake ilipakana na yetu, na kwa kuwa alikuwa bibi wa mtaa, sisi wavulana wote alituita waume zake. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mwalimu, mwiko wa kusongea ugali mkononi, nasi nyuma yake kutazama ugomvi.

"Mwalimu, nyie huko kwenu juu, chooni mnatumia mkono gani?"

Mwalimu akasema, "Huu huu wa kushoto, bibi."

"Na ndio unaowapa watoto wetu wampe mtu?"

Nilidhani mwalimu atakasirika. Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akasema neno ambalo mimi, pamoja na diploma yangu, sijaweza kulisema mbele za watu mpaka leo. Alisema, "Bibi, nifundishe nifanyeje."

Bibi akateremsha mwiko. Akafikiri. Akasema, "Kwanza wanawe huo mkono. Na nitawaona kwa macho yangu."

Basi toka wiki ile, kila Jumamosi asubuhi, bibi jirani alisimama pembeni ya uwanja na birika lake la shaba, amelisugua kwa majivu mpaka linang'aa. Tulipanga mstari, mkono wa kushoto mbele. Maji yalikuwa ya kisima, baridi, na ndani yake alitia majani machache ya mchaichai ili yanukie. Alimimina taratibu, akageuza kiganja, akatazama kucha, akamimina tena. "Haya, mkono umesilimu. Pita."

"Bibi, wangu wa kanisani!" walipiga kelele watoto wa bara.

"Basi umebatizwa, toka hapa, unanimalizia maji!"

Wazazi waliposikia kwamba bibi mwenyewe ndiye anayenawisha, waliwaachia watoto. Kabla ya sikukuu tulikuwa zaidi ya arobaini. Nimekutana na skauti wa Nampula, wa Pemba mji mkuu wa jimbo letu, na hata wa ng'ambo ya Ruvuma, nikawauliza. Hakuna wanaonawa mkono wa kushoto kabla ya salamu. Ni sisi tu. Na bila maji yale, skauti wa Palma wangekufa siku ile ile ya kofi la babu.

Wala hakuishia kwenye birika. Skafu zetu alizishona yeye kwa mashuka makuukuu, akazitia rangi kwa magome ya mikoko, zikatoka za kahawia na harufu ya matope ya pwani. Hata zikifuliwa mara ngapi, shingo zetu zilinuka kama maji yametoka kupwa. Tukitoka porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, sufuria yake ilikuwa tayari jikoni, kwa chumvi na pilipili, na wakati inachemka alitufanya tukae kimya. "Mtoto hafunzwi kwa kelele," alisema, "hufunzwa kwa kungoja." Mimi ni mtu wa kuchelewa kumshukuru mtu, lakini najua kungoja nilijifunza wapi, na kungoja huko ndiko kulikoniokoa Nampula.

Kisha ukaja mwaka wa kukimbia, wenye bunduki walipoingia Palma. Mimi sikuwapo, nilikwisha kuondoka. Bibi jirani alikimbia na vitu viwili, kitukuu mgongoni na birika mkononi, na alirudi navyo vyote viwili. Mwalimu hakurudi. Wengine husema alionekana kwenye kambi fulani, wengine wanatazama chini.

Mwaka huu vijana wamewafufua skauti. Wakanijia ofisini, na haki yao, nani mwingine? Nikawapa hema jipya. Ikaja barua kutoka Pemba: wakubwa wa skauti watakuja kuwatunuku watu wazima waliojitolea, waletewe orodha kwa Kireno. Majina, nafasi ya kila mmoja, mafunzo aliyopata. Kamati ya vijana ikaniachia mimi, kwa kuwa Kireno changu hakina makosa. Niliandika jina la mwalimu. Niliandika vijana watatu. Nilijiandika mimi: mlezi, diploma. Nilipofika kwa bibi jirani, kalamu ikasimama. Nafasi yake niite nini? Mmiminaji wa maji? Mbele ya watu wa Pemba? Na kwenye mafunzo niandike nini? Nikaona karatasi yangu nzuri itachekwa. Nikaruka mstari.

Siku ya sherehe ilikuwa Jumamosi, na kwa bibi Jumamosi ni Jumamosi. Alikuja mapema, birika kalifunga kwa kanga. Kijana wa mapokezi akamwambia kwa adabu, "Bibi, kaa pale mkekani, maji ya chupa yapo mezani." Akakaa. Birika akalipakata.

Mgeni mkuu akapita kwenye mstari wa watoto akiwapa mkono wa kushoto, mkavu, mmoja baada ya mwingine. Kina mama mkekani walitazamana. Mmoja akavuta kanga mdomoni. Nilimwona bibi akinyanyuka nusu, halafu akakaa tena.

Kisha yakasomwa majina. Lilipofika la mwalimu, hakutokea mtu. Mgeni akarudia. Ndipo bibi akasimama, na sauti yake ilikuwa ile ile ya mlangoni.

"Mwalimu hayupo, baba. Lakini mimi nilikuwa naye."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mgeni akapitisha kidole kwenye orodha, juu mpaka chini, hakumwona. Akanigeukia mimi, mkalimani wake, akaniuliza kwa Kireno, "Bibi huyu ni nani?"

Nilikuwa na muda, rafiki yangu. Nilikuwa na maneno pia, kwa lugha tatu. Ningeweza kusema: huyu ndiye aliyewashika skauti wa Palma wasife. Lakini orodha ilikuwa mwandiko wangu, na kusema hivyo ni kusema kwamba nimekosea mbele ya watu wote wanaonijua kwa kutokosea.

Nikajibu, "Ni jirani tu."

Mgeni akamtabasamia, akaendelea. Jina lililofuata lilikuwa langu.

Alasiri nilikwenda kwake na cheti chini ya kwapa. Nilikusudia kumwachia. Hatua kumi kabla ya mlango niliona ujinga wa jambo lenyewe, kumpa mtu karatasi yenye jina la mwingine. Alikuwa barazani anachambua mchele. Sikujua nianze wapi, nikafanya kama zamani: nikanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, nikangoja maji. Nilimngojea pia aseme, "Haa, mume wangu kanikumbuka."

Birika lilikuwa pale pale kando yake. Aliutazama mkono wangu kwa muda, kama anayetazama kitu kilichoangushwa na mpita njia. Kisha akajifuta mchele kwenye kanga, akanipa mkono wa kulia.

"Karibu, chefe," akasema, kama wanavyoitwa wakubwa wa ofisini. "Habari za kazi?"

Nikapokea kwa mkono wa kulia. Akamwita kitukuu aniletee kiti, kile cha wageni, na maji kwenye glasi juu ya sahani. Tukazungumza habari za mvua.

Wanaoujua mkono wetu wa kushoto sasa ni wachache. Mwalimu hatujui alipo, wenzetu wa mstari ule wametawanyika, wengine wamezikwa tusikokujua, na watoto wa leo wanapeana mikono mikavu wakidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mimi watu wananiheshimu, kila niendako hunipa mkono wa kulia. Ni bibi mmoja tu ambaye angeweza kuumiminia maji ule mwingine, na anaishi hatua ishirini kutoka kwetu.