Tairi za Mvua na Siri ya Ekiru

Nakumbuka Jumapili moja ya mwaka 2012, mwanangu, tukiwa Kakuma. Kwenye runinga mvua ilikuwa inanyesha, huku kwetu vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mdomo huu unaouona umepoa, siku hizo haukuwa na breki. Nilikuwa karani wa ofisi moja Lodwar, msichana wa Bungoma aliyepelekwa kaskazini kikazi akapapenda, na nilikuwa nimechumbiwa na Ekiru, dereva wa ofisi yetu. Haya ninayokusimulia nimemwomba ruhusa kwanza.

Ekiru alipenda mbio za magari kuliko chakula. Kila kazi ilipotupeleka Kakuma hatukukosa kwa Mama Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekuwa na hoteli ya mabati yenye dishi na jenereta. Ekiru akisalimu "ejok" mlangoni, mama yule naye anajibu kwa Kiturkana chake cha kujifunza, na tunapewa benchi la mbele.

Siku hiyo dereva aliyekuwa akiongoza mbio hakuingia kwa mafundi wake kubadilisha tairi mvua ilipoanza. Wenzake wote waliingia wakavalishwa tairi za mvua, zile zenye meno ya kutema maji. Yeye akabaki na tairi kipara, akidhani manyunyu yatapita. Hayakupita. Kwenye kona moja gari likateleza likaenda kukwama kwenye kokoto, na Ekiru, aliyekuwa shabiki wake mkubwa, akashika kichwa.

Hapo ubishi ukawaka. Kijana muuza kadi za simu akasema huyo ni mshamba, kwa nini hakufuata wenzake? Lokwang, fundi wa magari, akamkatalia. "Si makosa yake. Watu wa timu yake, wanaoongea naye kwa redio, ndio walimwambia abaki. Yeye huko ndani ataonaje mawingu?" Mwingine akajibu kwamba redio haikanyagi mafuta, mguu ni wa dereva.

"Mnaongea mkiwa mmekaa," Ekiru akasema. "Maji yakishafika chini ya gari, akili inakuwa ingine kabisa."

Na mimi, kwa kutaka kuonekana najua, nikadakia. "Lazima umtetee! Si wewe uliingiza Landikruza kwenye laga ya Kawalase mto ukiwa umefurika? Akapanda juu ya gari, jamani, analia anamwita mama yake."

Hoteli nzima ikacheka. Nikacheka pia, maana kuchekesha watu kuna utamu wake. Kisha nikamwangalia Ekiru. Alikuwa anatabasamu, lakini kama mtu anayemeza dawa chungu. Akainuka polepole, akasema anaenda kuangalia maji ya rejeta. Gari lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Ofisini watu walijua tu kwamba gari lilikwama mtoni. Kile kilio aliniambia mimi peke yangu, miezi mitatu baadaye, tena kwa shida, akiangalia chini. Na alikuwa dereva anayeheshimiwa barabara yote ya Lodwar mpaka Kakuma, wazee wakimsimamisha kumsalimu.

Mama Achol akaniita jikoni. Hakupaza sauti, aliendelea kukoroga chai yake.

"Binti yangu, hiyo mambo ya kulia aliambia nani?"

"Aliniambia mimi."

"Aliambia wewe. Hakuambia sisi." Akaongeza majani ya chai. "Bwana yangu alikuwa anaogopa kitu moja. Vita ilimchukua zamani. Mpaka leo watoto yangu hawajui hiyo kitu."

Nikataka kutoka nimfuate Ekiru. Akanishika mkono. "Hapana. Watu yote imesikia. Wewe mwite ndani, ongea mbele ya watu yote."

Nililia pale pale, moshi ukinisaidia kujificha. Nilimpenda sana mtu yule, na niliona wazi kwamba naweza kumpoteza kwa kicheko cha dakika moja. Nikamwita, akaja akasimama mlangoni. Nikawaambia wale watu kwamba nilisimulia nusu. Siku ile ya laga Ekiru alikuwa amesimamisha gari akisubiri maji yapungue, kama dereva yeyote mwenye akili. Mimi ndiye niliyempigia simu mara nne, nikimlalamikia kwamba ananichelewesha harusi ya rafiki yangu.

"Mimi ndiye nilikuwa redio," nikasema. "Maji yalipomzunguka, mimi nilikuwa nyumbani nachagua viatu."

Hakuna aliyecheka. Lokwang akasogea kwenye benchi, akampisha Ekiru akae, na polepole wakarudi kwenye ubishi wa tairi.

Ekiru alinisamehe siku hiyohiyo, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata tukaoana. Lakini sikufichi, mwanangu. Karibu mwaka mzima alinipa habari za barabara, za mafuta, za mbuzi wa baba yake. Za moyoni hakunipa. Tulilala nyumba moja na bado nilimkosa, na iliniuma. Sikumdai. Nilingoja. Ndipo alasiri moja ya 2013, tukichambua maharagwe mlangoni petu Lodwar, akasema, "Nikuambie kitu?" Akaniambia jambo lililokuwa likimtisha tangu utotoni. Na hilo, mwanangu, hutalisikia kwangu.

Basi nakuomba hivi. Bishana utakavyo juu ya madereva wa mbali, waseme walivyokosea, raha ya mbio ndiyo hiyo. Lakini mtu aliyekufungulia moyo usimfanye mfano wa kuchekesha watu, hata ubishi ukiwa mtamu vipi. Ukiona ulimi unawasha kusimulia kosa lake, jiulize wewe siku hiyo ulikuwa wapi, na ulimwambia nini kwenye simu. Na kama umeshasema, usijifiche. Rekebisha mbele ya hao hao waliosikia, kisha ngoja bila kunung'unika, hata ichukue mwaka.

Mungu akupe mtu wa kukuambia asiyomwambia mwingine. Na wewe, mwanangu, akupe kifua cha kuyatunza.