Mama Alivyochagua Kamera

Mjomba wangu alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kwa mwaka mzima alikuwa akiona damu chooni, akadhani ni bawasiri, akanyamaza. Mama, dada yake wa pekee, alikuwa karani mstaafu niliyeishi naye mtaa wa Woodley. Hakuwa na maumivu yoyote. Lakini wiki chache baada ya mazishi alivaa koti lake la kanisani, akaniambia nimsindikize mjini kwa daktari.

Daktari huyo, kijana mpole, alimweleza bila haraka. Kulikuwa na kipimo cha choo, cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho; hicho ni chepesi, ila hurudiwa kila mwaka. Kulikuwa pia na kamera nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa mpaka ndani ya utumbo. Kwa kuwa ndugu yake wa damu aliugua, alimshauri apimwe kwa kamera. Mimi nilitazama sakafu. Mama alimtazama daktari.

"Ikiona kitu, mnakitoa siku hiyo hiyo?"

"Kikiwa kidogo, ndiyo, Mama."

"Basi nifanyie hiyo."

Siku ya kujitayarisha alishinda akinywa dawa ya kusafisha tumbo, yenye chumvi ya kukunja uso, bila kulalamika. Jirani alipopiga hodi na kuuliza anaumwa nini, nilianza kusema malaria. Mama alinikatiza, akamsimulia kila kitu, mpaka jirani akavuta kiti.

Walimkuta na vinyama viwili vilivyoota ndani ya utumbo, wakavitoa. Maabara ilisema havikuwa saratani, ila kimoja kingeweza kugeuka kama kingeachwa. Nilimwomba daktari arudie. Mama aliuliza tu arudi lini kupimwa tena.

Jumapili moja alisimama mbele ya akina mama wenzake kanisani, enzi ambazo mambo hayo hayakutajwa hadharani.

"Kaka yangu aliona aibu kutaja choo," alisema, "tukamzika. Mimi nakitaja."

Mmoja alicheka kidogo. Baada ya ibada wanawake watatu walimfuata nje, wa kwanza mke wa mchungaji, wakimuuliza daktari huyo anapatikana jengo gani. Nilisimama kando nikimsikiliza akiwaelekeza, nikaona fahari ambayo sikuwahi kumwambia.