Malisho ya Chini ya Maji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, gari la ofisi ya samaki ya Lodwar liliniteremsha kando ya ziwa, Ferguson's Gulf. Afisa wa Samaki akanipa sahani nyeupe iliyofungwa kamba.

"Itumbukize, mama. Ikipotea machoni, shika kamba hapo. Hapo ndipo mwanga unapochoka."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu: kupima mwanga ndani ya maji na kuandika ni mimea gani imeota chini yake. Kwenye ghuba, ambako maji yametulia, majani yalisongamana na tilapia wadogo wakajificha humo. Kwenye ufuo ulio wazi, mawimbi yaliyang'oa kabla mizizi haijashika. Chumvi ya ziwa nayo huchagua; mimea michache tu huivumilia. Ziwa lilipopanda, majani ya zamani yalifia gizani, mengine yakaota pale tulipokuwa tukiegesha gari.

"Hayajapotea," Afisa alisema. "Yamehama."

Hata hivyo, kwenye fomu tuliyaita magugu, nami nikalizoea neno hilo.

Baadaye nilihamishiwa Kakuma. Huko, Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, aliongoza akina mama waliofuga tilapia kwenye silanga, yaani bwawa la maji ya mvua. Asubuhi moja alikuja kuniita.

"Mama, samaki zinapanda juu kutafuta pumuzi. Zikikufa, hatuna zingine."

Nilitumbukiza sahani. Ilipotea kabla mkono wangu haujalowa hadi kiwiko. Mbuzi walikuwa wakiingia kunywa na kuvuruga tope. Majani ya chini yalikosa mwanga yakafa, na kuoza kwake kukamaliza ile hewa ya majini ambayo samaki huvuta.

Mwenye mbuzi, Mzee Lokiru, alikuwa ameketi kando kwenye kigoda chake. Tulisalimiana, ejok kwa ejok, kisha nikamweleza.

"Mzee, mbuzi wako wanaua magugu."

Alicheka hadi Mama Furaha naye akacheka. "Serikali imetuma mama mzima kulilia magugu? Si yakufe tu."

Niliwatazama mbuzi wake, wembamba kwa kiangazi, ndipo neno likanijia.

"Ni malisho, Mzee. Malisho ya samaki wa huyu mama."

Kicheko kikaisha. "Malisho iko ndani ya maji?"

"Iko. Na inakufa."

Akamgeukia Mama Furaha. "Na wewe huna pahali pengine ya kuhamisha wao?"

"Baba, samaki haziwezi hama."

Mzee akapiga mluzi na mbuzi wakatoka majini. Kesho yake yeye na wanawe walizungushia silanga ua wa miiba, mbuzi wakawa wananyweshwa kwenye hori nje yake. Samaki kadhaa walikufa kabla tope halijatulia. Wengi walipona. Sahani yangu ilizidi kwenda chini kila nilipopima, hadi siku moja nikaona vichipukizi vya kijani.

Nimestaafu sasa, niko Lodwar. Vijana wa ofisini huja kuniuliza habari za mwanga, mawimbi, chumvi na tope, nami huwaeleza yote. Halafu huwaomba wawaulize pia wenye mifugo.

Mzee Lokiru akija mjini hupita kwangu kunywa chai. Juzi nilimuuliza habari za mbuzi.

"Wako salama," akasema, akipuliza kikombe. "Na zile zingine, za Mama Furaha, zinakula pia."